Shimo Ambalo Hakuna Aliyelifukua

Kwamba Luhende amefariki niliambiwa kwanza na muuza magazeti wa stendi ya Mikumi, naye aliambiwa na kondakta wa basi, naye kondakta hakukumbuka aliambiwa na nani. Sikusema pole. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, nikampigia simu binti wa marehemu, na ni baada tu ya kusikia vilio nyuma ya sauti yake ndipo nilipovua kofia. Majirani zangu husema kwamba uzee umenifanya mgumu wa kuamini. Si uzee. Ni mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka wa kwanza wa kazi, nilioupitisha Kilosa nikiwa na cheti kipya cha ukaguzi wa nyama na viatu vilivyonibana. Kwa kuwa tunaoujua mwaka ule kwa kuuona sasa tumebaki wawili, nauandika. Niliyoyaona nitasema niliyaona. Niliyoyasikia nitasema niliyasikia kwa nani. Msomaji atakayeyachanganya hayo mawili atakuwa amerudia kosa lililommaliza Omari Madenge.

Nilipanga chumba nyuma ya soko, katika nyumba ya matofali mabichi ambayo kuta zake za ndani hazikufika darini, hivi kwamba kikohozi cha chumba cha kwanza kilisikika hadi cha mwisho. Ilikuwa miaka ya dhiki. Ugali tuliokula ulikuwa wa unga wa yanga, wa manjano na wenye harufu ya gunia, na chai tuliinywa huku tukitafuna kipande cha muwa kwa kuwa sukari haikuonekana madukani. Nyama ilikuwa kitu cha kuotea. Naomba jambo hili likumbukwe, maana katika mji wenye njaa hakuna anayetazamwa kwa jicho kali kama mtu mwenye mamlaka ya kuitupa nyama.

Mtu huyo alikuwa Omari Madenge, mkaguzi wa nyama wa mji, na mimi nilipelekwa kuwa msaidizi wake. Alikuwa Msagara wa palepale, mrefu, mkavu, mwenye buti za mpira zilizofika magotini na kisu alichokiosha kila baada ya kukata, hata kama alikuwa anarudi kukata palepale. Kila alfajiri tulikwenda machinjioni, upande wa mtoni. Akipasua ini, nami napasua lingine. Akikosoa, anakosoa mara moja tu. Nyama iliyofaa aliipiga mhuri. Isiyofaa ilikatwakatwa vipande, ikamwagiwa oili chafu iliyoletwa kwa madebe kutoka karakana ya reli, kisha ikafukiwa katika shimo nyuma ya uzio. Kazi ya kumwaga oili ilikuwa yangu. Niliimwaga kwa mkono wangu mpaka vipande vikawa vyeusi na kunuka kama injini, na nikasimama pale mpaka udongo ukarudishwa wote. Nyama ile hata fisi hakuigusa. Nyayo zao nilikuwa nikiziona asubuhi, zimefika ukingoni mwa shimo na kugeuka.

Luhende alikuwa mwenye bucha kubwa kuliko zote za sokoni, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wa mnadani na asirudi tena kwao. Alikuwa mdogo kwa Omari kwa miaka kama kumi. Asubuhi yangu ya kwanza machinjioni nilimwamkia Omari shikamoo kwa kuinama, kama nilivyolelewa, na kabla hajamaliza kuitikia marahaba, Luhende akatokea mlangoni na kupaza sauti: "We mzoga! Bado tu hujafa?"

"Nife, nani atakukagua wewe?" Omari alijibu bila kuinua macho. "Minyoo yote ya ukanda wa ziwa umekuja nayo tumboni."

Nilisubiri ngumi. Badala yake waliendelea kufanya kazi bega kwa bega, wakitukanana kama watu wanaoimba kwa kupokezana. Baadaye, tukiosha mikono, Omari alinieleza, kwa kuwa aliuona uso wangu. "Yule ni mtani wangu, kijana. Babu zake walipita kwetu kwenda pwani na mizigo kichwani, babu zangu wakawapa maji. Tangu hapo tunatukanana. Hakasiriki, sikasiriki. Siku akifa yeye, mimi ndiye nitakayekwenda kumcheka kaburini ili wanawe wapate nguvu ya kufuta machozi. Nikitangulia mimi, atakuja yeye. Ni deni hilo, lakini halilipwi kwa shilingi." Nilikuwa nimesoma habari ya utani darasani, aya moja, baina ya vita vya makabila na biashara ya pembe. Darasani hawakutuambia kwamba utani una harufu ya damu mbichi na kicheko cha alfajiri, wala kwamba hufika kwenye masikio ambayo haukukusudiwa.

Katikati ya mwaka mkuu wetu wa idara alistaafu, tukaambiwa kwamba anakuja mpya, kijana, msomi, mtu wa kunyoosha mambo. Jina lake silitaji. Silifichi kwa kumsitiri. Ni kwamba alikwisha kufa, na wafu hawajibu. Alitoka upande wa nchi ambako utani wa namna ile haujulikani, na hilo si kosa lake. Kosa lake nitalifikia.

Siku aliyofika Mkuu huyo, Omari alikuwa amehukumu ng'ombe mzima wa Luhende. Nilikuwapo. Mapafu yalikuwa na vinundu vya kifua kikuu, na vinundu vilikuwa vimetambaa hadi kwenye mbavu kama mtama uliomwagika. Hapakuwa na la kujadili. Tulimkatakata, nikammwagia oili, tukamfukia, na kisha, kama ilivyokuwa desturi, tukaenda mgahawani karibu na stesheni kunywa chai. Luhende alikuwa ametutangulia. Mgahawa ulijaa: wapakuzi wa reli, wauza mchele wa Tindiga waliosubiri treni, na pembeni, karibu na dirisha, mtu nadhifu nisiyemjua, mkoba wake umesimama kati ya miguu yake.

Luhende alipotuona alisimama juu ya benchi. "Jamani, mtazameni Msagara huyu! Mji mzima tumekonda kama fito, yeye mashavu yanang'aa. Mnadhani ni kwa nini? Asubuhi anahukumu, jioni anafukua! Mboga ya nyumba yake yote inatoka shimoni!"

Mgahawa ulilipuka kwa vicheko. Mpakuzi mmoja alimwaga chai yake mapajani. Omari alivuta kiti, akaketi polepole, akangoja kicheko kipungue, maana mtani hodari hajibu mpaka asikilizwe.

"Nimfukue ng'ombe wako yule?" alisema. "Mifupa mitupu? Mimi nakungoja wewe. Siku ukifa nitakufukua wewe mwenyewe. Walau una mafuta."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Hata mimi nilicheka, na ndiyo mara ya kwanza Omari kuniona nikicheka. Yule mtu wa dirishani hakucheka. Aliacha chai yake nusu, akachukua mkoba, akatoka. Kesho yake asubuhi tulimkuta ameketi kwenye kiti cha mkuu wa idara.

Tuliitwa kabla ya jua kupanda. Mkuu hakupaza sauti. Watu wa aina yake hawapazi. Alisema kwamba amesikia kwa masikio yake mfanyabiashara akimtuhumu mkaguzi hadharani kwamba hufukua nyama mbovu na kuila, au kuiuza. Na kwamba mkaguzi, badala ya kukanusha, alitia mzaha. Omari alieleza habari ya mtani. Alieleza kwa heshima na kwa ufupi, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo, bila kuwazia kwamba mgeni anaweza kukataa kwamba kipo.

"Bwana Madenge," Mkuu alisema, "afya ya watu si jambo la utani."

Hapo nilinyoosha mkono. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Nilisema kwamba shimo liko nyuma ya uzio, kwamba ng'ombe wa jana yumo humo na oili niliyoimwaga mimi mwenyewe, na kwamba majembe mawili na muda wa kuchemsha maharage vingetosha kumaliza shauri lote. "Tufukue, Bwana Mkuu. Tutazame."

Alinitazama kwa huruma, nami naikumbuka huruma ile kuliko matusi yote niliyopata maishani. "Kijana," alisema, "wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siwezi kuanza kazi yangu hapa kwa kufukua mizoga." Hilo ndilo kosa lake. Kutoujua utani si dhambi. Kukataa kutazama, wakati kitu kiko umbali wa kurusha jiwe, na kujifunika kwa methali, hiyo ni dhambi, na msomi akiitenda inakuwa mbili. Methali ile sijaitamka tangu siku hiyo isipokuwa kwa kuilaani. Yanasemwa mengi ambayo hayapo, wala hayaji, wala hayakuwahi kuondoka popote.

Luhende alipopata habari kwamba mtani wake amesimamishwa kazi, alifunga bucha. Alivaa suti yake ya kanisani na tai, akaja ofisini, na mimi nilikuwa kwenye chumba cha nje nikiyasikia yote, kwa kuwa mlango haukufungwa.

"Bwana Mkuu, yale maneno yalikuwa ya utani."

"Kwa hiyo ulisema uongo juu ya mtumishi?"

"Sikusema uongo, mheshimiwa. Nilitania."

"Jambo huwa la kweli au la uongo. Huo utani wako uko wapi kati ya hayo mawili?"

Kwa kuchanganyikiwa, Luhende akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka; ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo. Makarani wawili waliokuwa nami nao wakacheka. Na Mkuu, kama nilivyomsikia akieleza baadaye katika kikao, alichukulia kicheko kile kuwa ushahidi kwamba mwenye bucha ametishwa au amepewa kitu ili abadili maneno. Hivyo kila Luhende alipojaribu kuizima kauli yake ndivyo alivyoichochea. Mtu aliyetukana kwa mapenzi alisadikiwa. Mtu yuleyule alipokuja kusema ukweli amevaa tai, hakusadikiwa.

Lakini sitaki kumtwika Mkuu mzigo wote, maana alikuwa mmoja na mji ulikuwa na watu wengi. Watu waliocheka mgahawani walijua kwamba ni utani. Ndiyo maana walicheka. Haukupita mwezi, maneno yaleyale yakaanza kusemwa bila kicheko. Niliyasikia juu ya ukuta wa chumba changu, nikiwa nakula ugali wangu na mlenda. Mke wa jirani alimwambia mumewe kwamba Omari alionekana na jembe. Wiki iliyofuata lilikuwa jembe na gunia. Nilivaa shati, nikazunguka, nikabisha hodi.

"Wewe, mama, ulimwona?"

"Mie? Nimwone wapi, mwanangu? Kaniambia fundi cherehani."

Fundi cherehani aliambiwa na mpakuzi wa reli. Mpakuzi wa reli nilimkuta amekaa juu ya magunia ya mahindi ya Mvumi, na alikuwa ni yuleyule aliyejimwagia chai mapajani. Nilimuuliza aliyapata wapi maneno hayo. Alikuna kichwa, akasema kwa moyo mweupe kabisa, "Si Luhende mwenyewe alisema?" Nilimkumbusha kwamba alikuwapo, kwamba alicheka. "Nilicheka, ndiyo," alisema. "Lakini ofisi isingemwondoa mtu bure." Ofisi ilisadiki kwa sababu mji umesema, na mji ukasadiki kwa sababu ofisi imesadiki. Nilirudi chumbani kwangu nikiwa mtu mzima. Sina namna nyingine ya kulieleza jambo hilo.

Hapakuwa na anayemchukia Omari, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Waliendelea kumwamkia shikamoo barabarani, naye akaitikia marahaba, na alipopita wakanong'ona. Mkewe alipokwenda buchani, wanawake walimpisha foleni, wakacheka kwa pua: "Na wewe unanunua?" Hakurudi tena. Mwishowe Omari alihamishiwa kizuizi cha mifugo cha Mikumi, kwenye barabara kuu, kazi ya kuinua na kushusha mti mbele ya malori. Mimi nilikabidhiwa kisu chake na mhuri wake. Nilivipokea, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wanaendelea kuchinjwa na mji ulihitaji mtu wa kuona vinundu. Mkuu alinipongeza kwa kuzoea mabadiliko haraka. Alileta mabadiliko mengi: makoti meupe, mlango mpya, na tangazo ukutani lililopiga marufuku mizaha mahali pa kazi. Machinjio yakawa kimya. Luhende alisimama nyuma yangu kila alfajiri, mikono nyuma kama mwanafunzi, na aliposema, alisema "ndiyo, bwana mkaguzi." Shimo halikufukuliwa. Lilipojaa tulichimba lingine kando yake.

Kabla mwaka haujaisha nilipanda treni ya Kidatu, nikashuka Mikumi kumwona Omari. Walikuwa wamepewa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji iliyopasuka, dirisha lake likitazama barabara, na kila lori lilipopita vikombe vilitikisika rafuni. Mikumi ya wakati ule ilinuka nyama pori iliyokaushwa kwa siri karibu kila ua, na watu hawakuficha sana. Mke wa Omari alitutengea ugali, mchicha na kunde. Nilikuwa nimewaletea nyama ya mbavu iliyopigwa mhuri kwa mkono wangu. Aliitazama, akamtazama mumewe, akaifunika kwa sahani.

"Wape wenye nyumba," Omari alimwambia. Kisha akanigeukia. "Hatuli nyama tena, kijana wangu. Watoto wakinuka mchuzi shuleni wanaulizwa imetoka shimo gani. Ni rahisi zaidi hivi. Mchicha haufukuliwi."

Nilimuuliza kama Luhende amewahi kuja.

"Alikuja. Alisimama hapo mlangoni ulipoingilia wewe, na tai yake. Unajua alisema nini? Alisema, 'Shikamoo, mzee Omari.'" Alitikisa kichwa. "Miaka yote ile hajawahi kuniamkia. Angeniita mzoga ningemkaribisha ndani. Aliposema shikamoo nilijua kwamba wametuua sote wawili. Nilimwitikia marahaba, akaenda."

Luhende hakurudi tena Mikumi, na Omari hakukanyaga tena Kilosa mjini. Alipostaafu alipanda treni hadi Munisagara kwa binti yake, akalima mahindi. Mimi nilihama mara nyingi, nikapanda vyeo, nikamalizia utumishi wangu hapahapa Mikumi. Niliuzoea ulimwengu wa kazi kama Mkuu alivyosema. Nilijifunza kutochekacheka mbele ya wageni. Nilijifunza kumuuliza kila mtu, "Uliona?" na nikapoteza marafiki kadhaa kwa swali hilo. Sidai kwamba nilikuwa mtu bora baada ya mwaka ule. Nilikuwa mtu mwenye tahadhari, na hilo ni jambo jingine.

Luhende alizikwa Tindiga, kwenye shamba alilowaachia wanawe, kando ya majaruba ya mpunga. Nilifika mapema. Jeneza lilikuwa limekwisha kuletwa na kuimba kumeanza pale bodaboda ilipokuja ikiyumba juu ya tuta, na nyuma yake ameketi mzee aliyefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva ili asianguke. Omari. Walimfungua, wakampa fimbo. Wazee wachache walimtambua, kuimba kukakoma. Alitembea moja kwa moja hadi kaburini, akailaza fimbo yake juu ya shimo kuwazuia wabebaji, kama mtani apasavyo kufanya, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake. Sauti yake ilikuwa ile ya mgahawani.

"Nani amechimba hapa? Fupi hili! Ongezeni kwenda chini, na mmwagieni oili chafu huyu mzoga. Mnanijua mimi. Jioni nikishikwa na njaa, nitamfukua!"

Kisha binti wa Luhende, aliyekuwa akilia tangu jana yake, akaangua kicheko, na watu wote wakamfuata, wake kwa waume, wabebaji wakalazimika kulitua jeneza chini. Omari aliinua fimbo yake. Deni lilikuwa limelipwa. Nilisimama pale na kofia mkononi, nikajiruhusu kuamini kwamba kitu kilichopindishwa miaka arobaini na zaidi iliyopita kimenyooshwa.

Kando yangu kijana mmoja alikuwa amerekodi yote kwa simu. Alimgusa mwenzake kwa kiwiko. "Umesikia? Ndiye yule wa Kilosa aliyekuwa anafukua nyama mbovu. Bibi alikuwa anatuhadithia, nikajua anatutisha tu. Kumbe kweli! Amekiri mwenyewe, tena msibani. Hii naituma kwenye grupu."

"Uliona akifukua?" nilimuuliza.

Aligeuka, akaniamkia vizuri, shikamoo kamili. "Mimi sikuwapo, mzee. Ila watu wote wanajua."

Nilimweleza kwa utaratibu jinsi ilivyokuwa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema asante, na vidole vyake vilikuwa bado vinaandika.

Baada ya maziko nilimshika Omari mkono hadi kwenye bodaboda. Masikio yake hayasikii vizuri siku hizi, ikabidi niiname. Walipokuwa wakimfunga tena kwa kitenge aliniuliza, na macho yake yalikuwa ya mtu anayengoja matokeo, "Walicheka?"

"Walicheka, Mzee. Wote."

"Na walisemaje?"

Nikamwambia kwamba walicheka mpaka wakalitua jeneza. Hilo nililiona kwa macho yangu. Yale mengine yalikuwa ya kusikia tu, na mimi sipeleki maneno ya kusikia.